Nywele Zilizovuka Songwe

Wiki iliyopita mjukuu wangu alitoa tochi ya zamani chini ya kitanda changu, akaja nayo ghalani, akaifungua, akakuta betri zimevuja, zimekuwa uji wa kahawia wenye unga mweupe pembeni. Akakunja uso, akataka kuitupa jalalani. Nikamwambia lete hapa. Nikainusa. Ni harufu ya chumvi na kutu, kama damu ukijing'ata ulimi, nayo ilinikalisha kwenye kigoda pale pale ghalani, katikati ya magunia ya mchele, wateja wakinisubiri. Wenzangu mliokua wakati wetu mtanielewa. Betri kwetu hazikutupwa. Zikichoka zilianikwa juani kwenye ungo kama dagaa, zikapata joto, zikafufuka kwa nyimbo mbili tatu, kisha zikafa tena. Mwenye kuzianika na kuzigeuza nilikuwa mimi, na betri zilikuwa za kaka yangu mkubwa, Asajile.

Kwetu ni Ipyana, kule Kyela. Nilisoma mpaka darasa la pili nikatolewa nilee wadogo zangu; mengine yote nimejifundisha kwa kuuza mchele, na leo mashine ya kukoboa ni yangu na nyumba ninayolala ni yangu. Nasema hivyo ili ieleweke kwamba habari za siasa nitakazozitaja hapa sikuzisoma kitabuni. Zilikuja nyumbani kwetu zenyewe, zikaketi, zikala.

Asajile alikwenda kwenye migodi ya shaba nchi ya jirani akiwa kijana ambaye ndevu zake bado ungeweza kuzing'oa kwa vidole. Wanaume wengi wa kwetu walikwenda hivyo. Wengine walirudi na baiskeli, wengine na cherehani, wengine na kifua kikuu. Yeye alirudi na gramafoni ya betri, kisanduku chenye mshikio, rangi ya maini ya ng'ombe, na santuri zilizofungwa ndani ya blanketi kama mtoto mchanga. Baba aliuliza blanketi la mama liko wapi. Kaka akasema ndilo hilo, mama atalipata santuri zikishapata pa kukaa.

Safari ile ya kwanza muziki aliokuja nao ulikuwa wa adabu. Aliuita soul. Wanaume waliimba kwa sauti laini, kama mtu anayeomba maji kwenye nyumba ya wakwe, na nyuma yao kulikuwa na wanawake wanaoitikia kama kanisani. Kaka mwenyewe alivaa shati jeupe na tai nyembamba, akachana nywele upande mmoja. Hata mchungaji wetu alisimama uani akasikiliza wimbo mzima, akasema hawa watu wamelelewa na dini. Na kweli, kaka alisema wengi walianzia kwaya, halafu wakatoka nje na sauti zao.

Mimi Kiingereza sikukijua, na changu mpaka leo ni cha mpakani, cha kilo na bei. Nilichosikia ni mtu mzima analia. Na kwetu mwanaume halii ovyo. Analia msibani, basi. Kuna mmoja alikuwa anaanza polepole, anapanda, anapanda, halafu koo lake linapasuka kabisa, na huwezi kusema kama anaimba au anapiga yowe. Nikamuuliza kaka huyu amefiwa na nani. Hakucheka. Aliniambia hawa ni wajukuu wa watu waliouzwa. Mababu zao walitoka huku kwetu, wakafungwa minyororo, wakavushwa bahari, na mpaka leo huko waliko wakitaka kukaa kiti kimoja na Mzungu wanafunguliwa mbwa. Pale migodini kulikuwa na karani mmoja aliyewasomea hizo habari kwenye magazeti, na wachimbaji wakikaa na santuri zao usiku walikuwa wanajua wanachokisikiliza.

Sasa, bibi yetu, mama mzaa mama, alikuwa ametuhadithia kwamba dada wa bibi yake alichukuliwa ziwani akiteka maji, akaunganishwa na wengine shingoni, na hakuonekana tena. Mtoto hana umbali wala miaka. Nikaunganisha. Yule mwenye koo lililopasuka ni mtoto wa yule dada, anatuita tukamchukue, na hajui njia. Kaka akitoka nilikuwa naweka mdomo wangu kwenye spika, namwambia kwa Kinyakyusa, ili ajue ni nyumbani, kwamba sisi tuko Ipyana, apite mto Songwe akaulize. Nilimwelekeza mpaka mgomba wa kugeukia.

Bibi mwenyewe aliishi ng'ambo ya mto huo, kuelekea Karonga, kwa sababu mama aliolewa kutoka kule. Siku hizo mto haukuwa mpaka kwetu sisi. Ulikuwa kama ua wa nyumba. Alikuja kututembelea wakati wa kuvuna, kaka akamchezea santuri ile. Alisikiliza akiwa anapepeta mpunga, akaweka ungo chini, akafungua khanga ya kifuani akaifunga kiunoni kwa nguvu, kama wanawake wa kwetu wanavyojifunga wakiingia kwenye msiba. Akasema, "Huyu amefiwa na watu wengi. Rudia." Kaka akarudia mpaka betri zikalegea na sauti ya mwimbaji ikawa nzito kama ya mlevi. Tangu siku hiyo bibi alimpa mwimbaji yule jina la mtu anayelia, na mtu yeyote aliyetoka kwetu kwenda kwake alimuuliza kama bado analia.

Kaka alirudi tena migodini. Aliporudi safari ya pili hakuwa mtu yule.

Nywele zilikuwa zimesimama kichwani pande zote, mviringo kama kiota cha kwerea, na ndani yake kimechomekwa kitana cha chuma chenye mpini wa ngumi. Alivaa suruali ya bugaluu, chini pana mpaka haionyeshi kiatu, na kiatu chenyewe raizoni, kimemwinua akawa anainama kuingia mlangoni. Na muziki ulikuwa umebadilika pamoja naye. Ule wa kwanza uliomba, huu ulidai. Sauti laini zimekwisha. Kulikuwa na gitaa zito la chini linalotembea kama mtu mwenye hasira anayezunguka nyumba yako, tarumbeta zinakatiza kama wembe, na mwimbaji haimbi sana, anafoka, anahema, anaguna, wenzake wanamjibu. Baadaye nimesikia watu wakiuita fanki. Kaka alisema wale watu wamechoka kulia. Tena akaniambia, "Sikiliza hapa chini. Hii ni ngoma yetu ya msiba. Imerudi imevaa viatu."

Alikuwa sawa. Ambaye hajazika Unyakyusa hajui. Sisi tunacheza msibani. Wanawake wanalia, wanaume wanachezea yule aliyekufa ngoma nzito, vumbi linapanda, ardhi inatikisika, na asiyecheza watu wanajiuliza moyoni amemfanya nini marehemu. Mdundo ule wa santuri ulikuwa huo huo. Jioni vijana walijaa uani kwetu, wakacheza msiba usio na maiti.

Haukupita muda. Wakati huo ndio nchi ilikuwa inajijenga, na wakubwa walikuwa wamesema soul ni kasumba, muziki wa mabeberu wa kulegeza vijana wasilime, usipigwe. Suruali za namna ile nazo ni kasumba. Mnakumbuka wenyewe, walipita hata na mikasi. Kwetu aliyepita na mkasi alikuwa Ambokile, katibu wa vijana wa chama, ambaye alichunga ng'ombe pamoja na kaka na kula naye sahani moja mpaka wakaota ndevu. Walikutana sokoni, mimi nimebeba ndizi za mama. Ambokile alikuwa na wenzake, kwa hiyo ilimbidi aseme kwa sauti.

"Asajile, hiyo suruali unafagia nayo barabara ya nani?"

"Ya chama," kaka akamjibu. "Nawapunguzia kazi."

Watu wakacheka, hata mmoja wa wale wenye mkasi akacheka, na nadhani hicho kicheko ndicho kilichomponza. Walimshika, wakakata zile bugaluu kuanzia gotini, tena hovyo, mguu mmoja mrefu mmoja mfupi. Hakupigana. Alitembea katikati ya soko na miguu yake myembamba nje, raizoni zikigonga chini, akaja kuchukua lile kapu la ndizi kichwani kwangu akalibeba mwenyewe, kichwani, juu ya zile nywele. Nywele hawakuzigusa siku hiyo. Sijui kwa nini. Labda mkasi ulichoka.

Alipofika nyumbani alituuliza swali. Wale wanaoimba ni weusi, waliuzwa, wanapigwa na Wazungu. Anayekataza ni mweusi, na amewafukuza Wazungu. Sasa beberu hapo ni nani? Baba akamwambia maswali ya namna hiyo ndiyo yanayonyoa watu. Hata mzee wa dukani pale Kyela mjini, Mwislamu mmoja wa asili ya Kilwa aliyekuwa anatuuzia betri, akawa ananiambia zimekwisha huku naziona nyuma yake kwenye rafu. Alikuwa mtu mwema. Aliniongezea pipi, akaniambia mwambie kaka yako duka hili lina watoto wa kulisha. Ndipo tukaanza kuanika betri.

Na ng'ambo ya mto mambo yalikuwa mabaya zaidi. Kule mkuu wao alikuwa hataki kabisa nywele kwa mwanaume wala bugaluu. Vijana wa chama chao walikaa njiani na sokoni wakidai kadi. Huna kadi, hupiti. Tena watu waliogombana na mkuu yule walikuwa wamekimbilia upande wetu, wakapewa hifadhi, kwa hiyo kila aliyetoka Tanzania alitazamwa kama mwasi. Serikali zile mbili zilikuwa hazisalimiani. Jambo moja tu walikubaliana, nalo ni kichwa cha kaka yangu.

Mama hakuwa na siasa. Alikuwa na hofu. Alisema zile nywele zitamuua mwanawe, na alisema kila siku, akipika, akitwanga, akimnyonyesha mdogo wetu aliyekuwa mchanga. Alimsihi anyoe. Aliahidi kumpikia kuku. Mchana mmoja kaka amelala kwenye mkeka, mama alimnyatia na wembe, akafika, akasimama juu yake muda mrefu, akarudi jikoni. Nilimuuliza mbona hukunyoa. Akasema amelala kama alivyokuwa mdogo.

Ndipo ikaja habari. Mwanamke mmoja mfanyabiashara, mwenye ndugu pande zote mbili, alivuka na sukari akapita kwetu, akasema bibi amelala ndani, hali chakula, na amemwita mjukuu wake aje na yule mtu anayelia.

Sasa nani aende? Mama ana mtoto mchanga, havuki maji. Baba haendi, kwetu mwanaume na mama mkwe wake hawaonani uso, hata wakikutana njiani mmoja anaingia porini, na ugonjwa haubadilishi hilo. Wa kwenda ni mzaliwa wa kwanza. Na asipokwenda mtu kabisa, bibi akafa, ndugu watasema sisi ndio tuliomla.

Kaka hakuwa mjinga. Alijua kilichoko ng'ambo. Asubuhi ile alikaa kwenye kigoda mlangoni, akatoa kile kitana cha ngumi kichwani, akamwambia mama, "Haya, leo umeshinda. Lete wembe."

Mama alikwenda kuuchukua mbio. Alilowesha nywele za kaka kwa maji ya sabuni, akashika kichwa chake kwa mkono wa kushoto, akauweka wembe juu ya paji la uso. Akasimama hapo. Nilikuwa nimeshika bakuli la maji. Akauliza, kama anajiuliza mwenyewe, utaingia kwa mama yangu na kichwa kitupu, naye angali anapumua?

Ambao si wa kwetu niwaeleze. Kichwa tunanyoa msiba ukiisha. Ndugu wote wa damu wanakaa pamoja wananyolewa, ndipo wanarudi kazini. Mtu akitokea mbali amenyoa, huna haja ya kumuuliza, amekuja kukwambia. Kumwendea mgonjwa na kichwa kilichonyolewa ni kumwonyesha kaburi lake. Mama aliufuta ule wembe kwenye khanga, akaurudisha ndani. Yeye aliyeomba miezi yote hiyo, yeye ndiye aliyekataa. Akasema, "Bibi yako akiondoka, utanyoa na wenzako huko huko. Akipona, nitakunyoa mwenyewe ukirudi."

Kaka akavaa kofia kuukuu ya baba. Nywele zikaisukuma juu, ikawa imekaa kama kifuniko juu ya chungu kinachochemka. Tulicheka sote, na yeye. Akabeba gramafoni, akavuka kwa mtumbwi upande wa Njisi, kama tulivyovuka siku zote, bila kupita Kasumulu kwenye daraja la mpakani.

Baada ya hapo mvua ikanyesha milimani kote, Songwe ikafurika, ikala migomba na nyumba za watu, na mitumbwi ikafungwa. Hakuna aliyevuka kwenda wala kuja. Mpunga ulikuwa unatoa maua kaka alipoondoka. Ukaanza kuinamisha vichwa, hatuna habari. Mama aliacha kusema. Alikuwa anatazama njia tu. Nami kwa akili yangu nilijua kaka amechelewa kwa sababu yule mtu anayelia ameshafika kwa bibi, ndugu wamekutana, wanazungumza mambo mengi, na kaka anaona aibu kuwakatiza.

Mto ulipopungua alikuja. Ilikuwa asubuhi, mama ameketi uani anamnyonyesha mtoto. Alitokea kati ya migomba, mbali bado, anatembea polepole, hana kofia, hana gramafoni. Kichwa chake kilikuwa kitupu na kinang'aa. Aliinua mkono.

Mama aliniwekea mtoto mapajani, akasimama, akajifunga khanga kiunoni. Halafu akapiga lile yowe. Mnalijua. Ukilisikia unaacha jembe pale lilipo. Likapokelewa nyumba ya pili, likapokelewa ya tatu, na kaka hajafika hata uani wanawake walikuwa tayari wanakuja wanakimbia, wanajigaragaza kwenye tope, wanamwita bibi kwa jina lake. Mama alimdaka kaka magotini. Kaka akatutazama sote, mmoja mmoja, akaanza na yeye kulia. Akauliza, "Nani amekufa?" Aliuliza kwa sauti kubwa, ya ajabu kidogo, lakini kwetu mfiwa huuliza maswali ya namna hiyo, wala hajibiwi. Anayejibu anaonekana hana huruma.

Mila ilimdai baba ng'ombe wa kumlilia mama mkwe wake. Alikuwa nao wachache sana. Akamtoa fahali wake mweusi wa kulimia, akachinjwa kabla jua halijafika utosini, nyama ikagawiwa kwa taratibu zake. Wanaume wakaleta ngoma. Mpigaji mkubwa wa ngoma za msiba pale kijijini alikuwa Ambokile, yule yule wa mkasi, na alikuja, kwa sababu chama ni chama na msiba ni msiba. Hakumtazama kaka machoni. Alikaa akaanza kupiga.

Mimi nilikuwa na mtoto mgongoni, nimesimama karibu. Niliona kichwa cha kaka hakikunyolewa kwa wembe wetu. Kilikuwa na mistari mirefu iliyoganda, kama shamba lililolimwa na mlevi. Mwanamke mmoja akasema watu wa ng'ambo wana majonzi makali, tazama walivyomnyoa. Niliona pia nzi wanamfuata masikioni. Nikawafukuza kwa jani. Nilidhani ni jasho.

Kaka aliingia kucheza. Aliwatazama wengine miguu kwanza, akashika hatua, akacheza vizuri kuliko wote, machozi yanamtiririka, vumbi limempanda mpaka kifuani. Tulimwonea fahari. Ngozi ya ngoma ikalegea kama zinavyolegea, Ambokile akasimamisha mkono ili ikapashwe moto. Wachezaji wote wakasimama.

Kaka hakusimama.

Alikuwa ameinamisha kichwa, amefumba macho, anaendelea, peke yake, katikati ya watu waliotulia, miguu inapiga chini mdundo ambao haukuwepo. Mmoja akacheka, akidhani anajionyesha mambo ya migodini. Kicheko kikakauka. Ambokile aliinuka na ngoma yake, akamwendea kwa nyuma, akaipiga kwa nguvu zake zote karibu kabisa na kisogo chake. Mtoto mgongoni kwangu alishtuka akalia. Kaka hakugeuka. Ambokile akaweka ngoma chini kama mtu anayeweka kitu kilichovunjika, akasema, "Huyu hasikii."

Mama alikwenda akamshika uso kwa mikono miwili. Kaka akafumbua macho, akaona wote wamesimama. Akaona mama anapapasa zile alama kichwani kwake, ndipo nadhani akaelewa kidogo, kwa sababu alisema, kwa ile sauti isiyojua ukubwa wake, "Hizi hawakuninyoa kwa msiba, mama. Kwa bibi sikufika."

Mengine tuliyapata vipande vipande, siku nyingi. Walimkamata hatua chache tu kutoka mtoni. Walidai kadi, hana. Walivua kofia, nywele zikatoka. Walifungua sanduku wakataka kujua santuri zinasema nini, na mmoja aliyejua Kiingereza akasoma majina ya nyimbo kwenye karatasi ya katikati, yakahusu weusi kusimama na kudai chao, na wakasema huyu ametumwa. Santuri wakazivunja. Kichwa wakamnyoa kwa vipande vya chupa, wakarudia kila nywele zilipoota, mpaka walipomwachia. Halafu wakamwambia kwa kuwa unapenda kelele, tutakupa, wakampiga masikioni kwa viganja, huku na huku kwa pamoja, zamu kwa zamu, ndani ya ghala la pamba, mpaka walipochoka wao. Alipoachiwa alidhani mvua imekatika duniani pote.

Bibi hakufa. Alipona, akaishi mavuno kadhaa, na alipoambiwa kwamba Ipyana walishamlilia na kumchinjia, alitaka kujua kama wamelia vizuri. Kaka alilima mpunga, akaoa mwanamke mvumilivu, akazeeka. Watoto wake wanasema hakuwa mkali. Ambokile alipanda chama, akashuka, na alipokuwa mzee alikuwa anakuja kukaa naye barazani, wawili hao, hawasemi. Wakubwa wa pande zote mbili wamekwishazikwa kwa heshima, na soul inapigwa redioni mchana kweupe, hakuna anayekatwa hata uzi. Hakuna aliyekuja kutuambia kwamba imeruhusiwa. Mama hakushika tena wembe. Sisi wote tulinyolewa na majirani.

Lakini siku ile, pale uani, watu walibaki wamesimama na tope lao na nyama zao mkononi. Mzee mmoja akauliza kwa upole, sasa, ikiwa huenda mama mkwe yu hai, tunamlilia nani. Wengine wakaanza kufungua khanga kiunoni, wanataka kuondoka kwa aibu. Baba yangu, mtu ambaye hakupenda maneno, alitazama kile kichwa cha ng'ombe kilichokuwa chini ya mgomba, akamtazama mwanawe. Akasema, "Ng'ombe ameshachinjwa. Msiba upo. Leta ngoma."

Ambokile akaileta. Wanawake wakajifunga upya, na safari hii walilia tofauti, chini chini, bila kuita jina. Wanaume wakaunda duara, kaka wakamwacha katikati. Aliona miguu imeanza, naye akaanza. Lakini alikuwa anatutazama nyuso, amechanganyikiwa, anaona kila mtu anamtazama yeye. Alipofika nilipokuwa nimesimama na mtoto aliniinamia, kwa sababu mimi nilikuwa sijawahi kumficha kitu, akaniuliza tena nani amekufa.

Nikamwambia ni yeye. Hakusikia.